Mkia wa Fundi Saa

Tik. Gamba lilidondoka sakafuni, gizani. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile na pampu ya tangi la samaki imenyamaza, ndiyo maana lilisikika hadi jikoni.

"Baba anavaa," binti alisema.

Mama alifuga samaki wa mapambo na kuwauza. Zamani, mumewe, fundi saa, alipomuuliza kampendea nini, alijibu, "Nimekupenda hivi hivi." Alimaanisha jinsi alivyo. Mwanamume akasikia kwamba ameokotwa tu, kwa kukosa kingine.

Alipohamishia kibanda chake jirani na saluni, mwili wake uliota doa la magamba ya chungwa ubavuni, kisha la buluu, kisha mkia. Mama akafumua mishono ya suruali zake ili mkia upate pa kupita.

"Shemeji, hebu geuka tuone," wanawake wa saluni walisema. Aligeuka. Kila sifa ililala doa moja, ikaamka madoa mawili.

"Kizuri chajiuza, mwenzangu," jirani alimtania mama. "Chako kinajitembeza."

Mama hakushangaa. Kwenye tangi aliyaona hayo kila siku: dume hutandaza mapezi, jike hutazama, jike huchagua, na watoto wa kiume hutoka na rangi alizozipenda mama yao. Kilichomuuma ni kwamba mumewe akivuka kizingiti kuingia ndani, rangi zilizimika, akawa kijivu kama siku ile aliyochaguliwa. Alidhani ni uchovu wa kazi.

"Leo usitoke, baba," mama alimwambia mumewe sasa, akipapasa kutafuta kiberiti. "Mtoto anaogopa giza."

"Sikawii."

"Mimi nilikupenda hivi hivi."

"Najua. Ulishaniambia."

Akauinua mkia usibanwe na mlango, akatoka.

Mama aliacha kutafuta kiberiti, maana alisikia samaki wamepanda juu ya maji kuhema. Akachota maji ya tangi kwa kikombe, akayamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Akachota, akamimina.

Nje, fundi saa alipita geti. Chungwa likawaka, kisha buluu, kisha mkia mzima, uchochoro ukawa mweupe hadi saluni. Jirani alimshukuru, akatunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wake kabla hajapita.

Binti alikuwa amepanda kiti dirishani. Mama alimsikia akivuta pumzi.

"Kumbe baba ana taa."