Ukoko wa Protus

Baada ya kuosha vyombo vya chakula cha mchana, Eddah alichukua diski nyeusi, ile ya kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya, akaizika ndani ya bakuli la mchele. Nyumba ilikuwa Sulimaniyah, Riyadh, na mchele ulikuwa basmati wa madamu Hana, mwenye nyumba. Hakuiba, aliomba. Dawa yenyewe kafundishwa na huyo huyo madamu: simu yake ilipotumbukia chooni ililazwa kwenye mchele, ikaamka na namba zote kichwani, na harufu kidogo.

Ila diski ya Eddah haikulowa. Ilianguka kutoka juu ya kabati alipokuwa akiificha, na tangu hapo kompyuta ya mtoto wa madamu haikuiona tena. Ukiiweka sikioni ilikuwa inagonga, tik, tik, kama mgeni mlangoni anayejua wenyewe wamo. Dawa ya aliyelowa ikapewa aliyevunjika. Watu wengi hutibiwa hivyo, na wanaopona hupona kwa bahati yao.

Ndani ya diski alikuwamo mumewe.

Protus alikuwa mlinzi wa jengo la maduka, mtaa wa pili kutoka hapo. Kiangazi, jua likiwa utosini, alianguka kutoka paani akafa. Kampuni ilisema kajirusha mwenyewe, na ushahidi wao ulikuwa viatu: vilikutwa ukingoni mwa paa, vimepangwa sambamba. Mtu anayeteleza, walisema, havui viatu kwanza. Eric, mlinzi mwenzake, alijua si hivyo. Kamera ya paani ilikuwa imeona yote. Kabla haijafutwa, Eric alinakili picha kwenye diski, akaivika soksi, akamletea Eddah.

"Ficha hii kitu," alimwambia mlangoni. "Na usiambie mtu ni mimi nimekupa. Niko na watoto, Eddah."

"Hata yeye alikuwa na watoto."

"Si ndiyo maana nimekuletea?"

Kwao, upande wa Bungoma, aliyejiua hapiti langoni. Ua hutobolewa kwa nyuma, akaingizwa gizani, akazikwa pembeni. Hakuna kumlia kwa sauti, na jina lake hapewi mjukuu mpaka dunia iishe. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaanza kuulizana ua utobolewe wapi. Beldina, mama yake Protus, aliwaomba wangoje.

"Kama kuna picha, ilete," alimwambia Eddah kwa simu. "Wakiona watanyamaza. Wasipoona, mtoto wangu ataingia kwake kama mbwa mwizi."

Protus mwenyewe alingoja katika jokofu la hospitali, mahali pa kwanza penye baridi alipopata Riyadh bila kupaomba.

Likizo ya shule ilipofika, madamu Hana alikwenda Jeddah kwa dada yake, na Eddah akachukuliwa kuangalia watoto. Akabeba diski pamoja na mchele wake, vyote ndani ya mfuko mmoja, maana mgonjwa hatolewi kitandani njiani. Wakenya wa mtaa wa Karantina walimwelekeza Balad, mji mkongwe, kwa fundi Hamad.

Hamad alitengeneza diski na simu kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mawe. Babu yake alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na sanduku moja, akasema hakai sana. Sanduku bado liko juu ya kabati. Ghorofani aliishi mama yake, Bi Wahida, ambaye hushuka kila akiingia mgeni, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti yake.

Hamad aliichomeka diski. Kompyuta haikuona kitu. Akabadilisha waya. Hamna. Akaifungua kwa bisibisi, ndani mkawa na sahani inayong'aa kama kioo cha bi harusi.

"Dada, nani alokwambia uitie hii kwenye mchele?"

"Madam."

"Ndo vumbi lote hili. Lakini vumbi si neno." Aliigeuza kwenye taa. "Hii haikufa. Hii tupu. Hata alama za kiwandani hazimo. Kilichokuwamo kimetoka."

"Kimetoka kimeenda wapi?"

Hamad aliutazama mfuko. Katika kazi ile kishaona mengi.

"Mchele unanyonya," alisema. "Hauchagui."

Eddah alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alishika mfuko kama mtu anavyoshika mtoto mwenye homa.

"Sasa mchele nitausoma na nini?"

"Mchele hausomwi, mwanangu," Bi Wahida alisema kutoka ngazini. "Mchele unaliwa. Ulete jikoni. Nyinyi kwenu wali mnaupika na maji matupu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa kitako, usishike kitu."

"Mama, usitie nazi," Hamad alisema. "Itachafua picha."

"Nazi haijachafua kitu tangu kuumbwa dunia."

Alitia nazi. Walikula watatu, sinia moja. Matonge ya mwanzo yalikuwa wali tu, na chumvi ilikuwa imekaa sawa. Kisha wakaona paa. Waliliona kwa juu, bila sauti, kila kitu kijivu, na tarehe imeandikwa pembeni mwa jicho la kushoto. Protus alipanda ngazi na shati lake la ulinzi. Nyuma yake alitokea mtu mnene mwenye simu mkononi, naye alikuwa Murad, msimamizi wa kampuni. Murad alionyesha tangi la maji lililosimama ukingoni mwa paa. Protus alionyesha kiuno chake, pale ambapo mtu hufungwa kamba. Murad alionyesha tangi tena, akaenda kusimama kivulini. Protus alipanda ukingoni mwa tangi na brashi, akasugua, akasogea, akasugua. Mguu ukateleza. Alikuwapo, kisha hakuwapo.

Anayeacha kutafuna picha humkatikia, kwa hiyo Eddah hakuacha kutafuna.

"Viatu anavyo," Hamad alisema; kisa Eddah alishamsimulia.

"Anavyo," Eddah alisema. "Vile vyeusi. Mimi ndiye nilimnunulia."

Bi Wahida alikuwa na kawaida yake: wali ukishapakuliwa, sufuria hulivuta mapajani akakwangua ukoko kwa kijiko. Alikwangua, akautafuna muda mrefu kwa meno aliyobakiwa nayo, akatazama ukutani.

"Haikuishia hapo," alisema. "Yule kibonge kateremka, kisha karudi. Kaja na viatu mkononi. Kavipanga ukingoni, karudi nyuma, kaangalia kama vimenyooka, kama mtu anatundika saa ya ukutani. Kimoja kilikwenda upande, kakirudia."

Eddah aliomba sufuria. Lilikuwa limekwanguliwa jeupe.

"Maradhi yangu hayo, mwanangu, ukoko. Mume wangu alijaribu kuniachisha mpaka akafa. Lakini mchele umebaki. Upike tena, uache ushike chini. Mwisho wa mambo umekaa chini."

"Usiupike ovyo," Hamad alisema akifunga mfuko kwa mpira. "Hakuna mwengine. Vitu kama hivi watu huweka nakala mbili, dada." Ni maneno ambayo mafundi wa kazi ile huwaambia watu ambao mambo yameshawafika.

Waliporudi Riyadh, madamu Hana alionja wali kidogo jikoni, akaona, akasema miskini, na kwamba kwake yeye angeongeza hiliki. Kisha akampa Eddah ruhusa ya asubuhi moja.

Eddah alipika, akatia kwenye chombo chenye mfuniko, akaenda ofisi inayotoa vibali vya kusafirisha maiti. Ukoko aliuacha kwenye sufuria nyumbani. Aliona haya kumpa mtu wa ofisi makombo. Karani alikula kwa kijiko cha plastiki. Alipofika mwisho alijifuta midomo, kisha macho, kwa karatasi ile ile.

"Mungu amrehemu," alisema. "Picha iko wazi kabisa. Lakini hapa tunapokea faili."

"Baba, si umeona?"

"Nimeona, dada. Kuona kwangu hakuna pa kugongwa muhuri. Kampuni ikibadilisha maelezo yake, halas, na mimi nabadilisha."

Eddah aliporudi nyumbani, sufuria lilikuwa limeoshwa. Watoto wa madamu, walioonywa na mama yao kwamba msichana ana msiba wasimwongezee kazi, walikuwa wameliosha wenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Ilibidi aende kwa Murad. Aliupika mchele mwingine. Safari hii ukoko ulikuwapo, na aliuficha kwenye mfuko wa nailoni, kifuani. Murad alikula juu ya meza ya kazi akiwa ameweka leso shingoni. Alijiona akitoka kwenye ngazi za paa na simu yake mkononi.

"Nimenenepa," alisema. "Mke wangu alikuwa anasema, nikadhani utani. Ongeza."

Eddah aliongeza, akifikiri anataka kuona vizuri. Murad akamwita mhasibu, akamwita dereva, wakala kwa zamu. Waliangalia mpaka mguu ukateleza, wakasema inna lillahi, wakauliza kama kuna pilipili.

"Bosi, umeona aliteleza."

"Aliteleza. Mimi nilikuwa pale."

"Basi sema hivyo. Sitaki kitu ingine. Sema tu aliteleza, azikwe mchana."

"Kampuni ikisema imesema. Nikibadilisha wataniuliza viatu vilifikaje pale."

"Vilifikaje, bosi?"

"Hilo halimo kwenye wali," Murad alisema, akavua leso.

"Limo kwenye ukoko."

Murad alimtazama, kisha akatazama chombo.

"Lete ukoko basi," alisema kwa upole.

Eddah alisema hakuja nao. Aliondoka akitembea taratibu mpaka kwenye ngazi, na kutoka hapo akakimbia. Joto la Riyadh lilikuwa limeshafanya kazi yake: ukoko ulikuwa umechacha kifuani. Alijaribu kuula hivyo hivyo. Aliona ukungu na kiatu kimoja.

Mchele uliobaki haukujaa vikombe viwili. Mwili wa Protus ulitolewa kwa maelezo yale yale ya mwanzo. Eric alikuwa anakwenda likizo, akakubali kusafiri nao, na mchele akautia mkobani katikati ya mashati. Eddah hakusafiri. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwa madamu Hana, naye madamu alilia kweli, akasema atamwachia nani watoto na Ramadhani hiyo inagonga mlango.

Eddah alimpigia simu Beldina.

"Mama, nisikilize vizuri. Mchele ni kidogo. Upike, usikoroge, uache ushike chini. Wa juu wape wazee. Ukoko pia wape wazee, mama. Ukoko ndio uko na viatu."

"Ukoko tutawapa aje wazee? Watasema tumewadharau."

"Wacha watutukane, lakini wakule."

"Sawa, Mama Priscilla. Nimesikia."

Alisikia, na hakusahau. Lakini mama aliyefiwa haingii jikoni. Hukaa chini kando ya jeneza na watu humjia. Waliopika ni majirani, na Beldina alimwambia mmoja, naye akamwambia mwingine, na mwingine alikuwa anapuliza moto uliokataa kuwaka. Wali ukaenda kwa wazee kwenye sahani za wageni. Ukoko ukaenda ulikokwenda siku zote, kwa watoto nyuma ya jiko, ambao ukoko, hata siku za ugali, ndiyo haki yao.

Wazee walikula. Waliona paa, tangi, mtu mnene, mguu. Mmoja alisema huko kwa Waarabu paa ni safi kuliko sebule yake. Wawili walioketi mwisho wa benchi hawakupata kitu, wali ulikuwa umekwisha; na hao ndio walioanza.

"Viatu je? Nani alipanga viatu?"

Waliokula walitazamana. Kwenye wali hawakuona wa kupanga viatu.

"Aliteleza," mmoja alisema. "Tumeona wote."

"Mtu anaweza kuteleza kwa kupenda," mzee wa mwisho wa benchi alisema.

Neno hilo lilikaa. Ua ukatobolewa upande wa migomba, na hakuna aliyelia kwa sauti, hata Beldina, ambaye alijifunga kanga mdomoni.

Eddah aliambiwa kwa simu akiwa anapiga pasi kanzu za watoto wa madamu. Alizima pasi kwanza. Kisha akaomba aongee na binti yake.

"Mum," Priscilla alisema, "yule mtu mnono alikuja na viatu za baba. Akaziweka. Akaangalia kama ziko straight."

"Uliambia wazee?"

"Tuliwaambia sisi wote. Wakasema watoto waende wakacheze."

Wakaenda wakacheza. Tangu siku hiyo, wazee wakikutana pale bomani kwa Beldina na kuacha viatu mlangoni, wakitoka hawavikuti viwili pamoja. Kimoja kiko kwenye migomba, kingine kwenye banda la kuku, kingine juu ya paa la jiko. Watoto wamechapwa, wamenyimwa chai, wamepelekwa kuombewa. Viatu havikai sambamba. Wazee wamezoea, siku hizi huja na ndara.

Na Riyadh, Eric alirudi kutoka likizo, akakuta tangi limechafuka. Murad alilinyooshea simu yake, akaenda kusimama kivulini. Eric alipanda peku, viatu vyake amevifunga pamoja na kuvining'iniza shingoni kwa kamba zake. Hiyo ndiyo kamba pekee aliyopanda nayo.