Mgongo wa Mdiria

Mjukuu wangu wa kike, ambaye mtaa mzima humwita Kiraka kwa kuwa hakuna kilichotupwa asichokipatia mahali, alikuwa na sharti moja katika sanaa yake: hanunui kitu, wala hapaki rangi. Rangi ilipaswa kuja na kitu chenyewe, na kitu chenyewe kilipaswa kutoka katika mtaro upitao nyuma ya soko. Msanii mwenzake, mchomeleaji aitwaye Cheche, alizoea kusema kwamba Kiraka angevunja hata uchumba kama mchumba angemnunulia kopo moja la rangi.

Lango la soko lilipojengwa upya, mwenyekiti wa soko aliwaahidi nafasi iliyo juu yake. Wakaamua kuunda mdiria, yule ndege mwenye mgongo wa buluu ambaye nilipokuwa msichana nilimwona akivua samaki katika mtaro huo huo. Mwenyekiti naye alikuwa na sharti lake: ndege awe amekamilika siku ya ukaguzi, la sivyo pataangikwa bango la bati. Kabla ya hapo kazi za Kiraka zilikuwa zimekaa vichochoroni na nyuma ya milango ya watu. Hii ingekuwa ya kwanza kuinuliwa macho na kila apitaye.

Nilikuwa nikienda karakanani kwao kwa kisingizio cha kupeleka chai. Cheche alikunja vyuma vya kitanda kibovu vikawa mbavu. Kifua kilikuwa cha kandambili za rangi ya machungwa, zilizokatwa nyembamba hata upepo ukizipitia zilitetemeka kama manyoya. Mgongo ulikuwa wa vizibo vya chupa: Kiraka alivitoboa kwa msumari wa moto, akavifunga kwa waya, kila kimoja kikilalia mwenzake kama magamba ya samaki. Mimi si mwepesi wa kusifu, lakini chai ilipoa mkononi mwangu.

Mgongo ulipofika nusu, buluu ikakatika.

"Shangazi, nimekwama," Kiraka alimwambia binti yangu, ambaye ni fundi cherehani pale sokoni. "Vizibo vya buluu vimeniishia."

"Basi hilo ndilo la kukunjia uso? Niachie mimi."

Haikupita wiki, Shangazi akaleta mfuko uliojaa hadi shingoni. Kiraka alicheka kama mtoto, akapasha msumari moto, akaanza. Ghafla akainua kizibo kimoja puani.

"Cheche, hebu nusa hiki."

"Hakinuki kitu."

"Ndiyo shida yenyewe. Tangu lini kitu cha mtaroni kikakosa harufu?"

Tuliongozana naye hadi kibandani kwa Shangazi. Tulimkuta ameegemea cherehani, mikono juu ya tumbo. Muuza viatu, jirani yake, alikuwa akimimina chini maji safi ya chupa ili abaki na kizibo cha buluu.

"Shangazi! Mmenunua?"

"Tumekunywa, mwanangu! Tangu juzi tumbo langu ni pipa, nikitembea nasikia mawimbi. Na wewe, badala ya asante, unaniletea macho hayo?"

"Na chupa zake ziko wapi?"

Shangazi akamtazama muuza viatu. Muuza viatu akatazama viatu. Nyuma ya kibanda, chupa tupu zilikuwa zimelala mtaroni, zimeziba maji.

"Kwa hiyo," nikasema, "ili kumpamba ndege, mmemchafulia kisima chake."

"Mama, tulitaka kumsaidia tu."

"Ninajua. Sasa pandisha gauni uingie mtaroni."

Aliingia, na muuza viatu akamfuata bila kuambiwa, wakazitoa chupa zote. Kiraka aliwarudishia vizibo vyao, na wacheza drafti wa soko wakapata kete mpya.

Siku iliyotangulia ukaguzi Cheche alijaribu kumshawishi Kiraka. "Vizibo vilikuwa mkononi. Nani angejua?"

"Mdiria angejua," Kiraka alijibu. Sauti yake ilikuwa imara, lakini niliona jinsi alivyolitazama lile lango kwa mbali.

Kesho yake Mwenyekiti alifika amevaa viatu vinavyong'aa. Alimzunguka ndege akiitikia kwa kichwa, mpaka alipofika mgongoni, palipokuwa na waya mtupu.

"Huyu hajakamilika."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Buluu imekwisha mtaroni."

"Inakwishaje? Mtaro ule? Takataka tangu enzi za babu yangu!"

"Tumeiokota yote. Pakibaki kipande, nitakiweka. Kisipopatikana tena, abaki hivyo hivyo, watu wajue mtaro wao umetakata."

"Maneno matamu hayafuniki mgongo, binti. Nikishuka mtaroni nikakuta buluu, nitajua ni uvivu, na bango litapanda."

Akashuka kweli. Soko likasimama kumtazama akitembea ndani ya mtaro, kutoka kibanda cha Shangazi hadi darajani, akiinama na kufukua kwa kijiti. Viatu vilibadilika rangi, kisha suruali. Alipokuwa chini ya daraja hatukumwona kwa muda mrefu, na Kiraka aliushika mkono wangu kwa nguvu.

Alipotokea alikuwa ameshika kizibo kimoja, chenye tope hadi ndani.

"Ni hiki tu," alisema akihema. "Kilikuwa chini ya jiwe. Nimegeuza mawe yote."

Wala hakutaja uvivu. Alimpa Kiraka kile kizibo kwa mikono miwili. Kiraka alikinusa, akatabasamu, akapasha msumari moto.

"Kiweke hapa," Mwenyekiti akasema, akionyesha karibu na shingo, "nikipita nikione." Kisha akamgeukia Cheche. "Na wewe umesimama nini? Lete ngazi."