Byron wa Ukutani

Nanyama alimaliza kuchora kuku kwenye ukuta wa hoteli ya Jerop pale Kiplombe, akanywa chai, kisha kwa rangi iliyobaki akamchora kaka yake ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta unaotazama soko. Alimchora Byron amepiga magoti, wanaume watatu wamemzunguka. Aliyeshika kamba alikuwa Johnstone, mwenye genge linaloiba mafuta ya malori ya barabara kuu. Byron alikuwa dereva. Alikataa kubeba mafuta ya wizi, na tangu hapo hakuonekana tena.

Kesho yake Byron alikuwa amesimama pale ukutani. Kila Johnstone alipokuja kununua sukuma wiki, Byron alimfuata kwa kidole, polepole, mpaka amalize kuchagua. Akina mama wa soko walimsalimia Byron, kisha wakamfungia Johnstone sukuma na kumwongeza nyanya.

Polisi mmoja alikuja kuchunguza.

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndiyo, afande."

"Leta kitambulisho."

"Nilitupwa nacho mto Sosiani."

"Sasa bila ID nitaandikaje statement?"

Watu husema serikali ina mkono mrefu. Siku hiyo ulikuwa mfukoni.

Mama yao alikuja na blanketi kutoka Chepsaita. Mto haukumrudisha mwanawe, na wazee wa ukoo walikuwa wameshakata mgomba wa kuzika badala yake, kama inavyofanywa mwili ukikosekana. Mama hakutaka kulilia mgomba. Alisimama mbele ya ukuta, akamwambia Byron ashuke, waende nyumbani.

"Mama, akishuka nani atasema?" Nanyama aliuliza.

"Amesema tangu mvua ianze. Nani amemsikia?"

Soko zima lilikuwa limemsikia. Hilo ndilo lililomuuma Nanyama kuliko kifo chenyewe.

"Nimechoka kusimama, siste," Byron alisema.

Akashuka. Alikuwa mwembamba kama bati, ananuka rangi, na mgongoni hakuwa na kitu kwa sababu Nanyama hakuuchora mgongo. Mama alimfunika blanketi. Nyumbani Byron aliingia mwenyewe kwenye jeneza, akafumba macho.

Johnstone alileta hema na viti. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema kijana alikuwa mchapakazi, na mengine tumwachie Mungu. Pasta alimshukuru. Watu sita walibeba jeneza kwa heshima tu, maana hata mtu mmoja angeliweza. Mama alilia mpaka akatulia, kisha akaomba ugali, akala.

Nanyama alirudi Kiplombe na brashi zake. Alijaribu kumchora Byron upya, lakini rangi haikushika. Ilichuruzika yote mpaka kwenye mtaro, kwa kuwa mtu akishazikwa amezikwa. Alijaribu kuwafuta wale watatu, nao hawakufutika. Alikaa chini akalia, watu wakampita na vikapu vyao.

Wanaume hao bado wapo ukutani. Katikati yao ni plasta tupu, na kamba aliyoshika Johnstone haimfungi mtu. Ukiwatazama utadhani ni majirani wanapiga stori.

Juzi mgeni alimwuliza muuza nyanya hao ni akina nani.

"Hao?" alisema huku akimpimia nyanya. "Hao ndio walituletea tenti siku ya matanga."