Baridi Iliyokuwa Ziwani

Mpimaji alifika maabara kabla ya wenzake, akafuta meza kwa spiriti, akabadilisha ncha ya keekee, ndogo kama ile ya daktari wa meno, kisha akachukua sweta lake msumarini akalivaa. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Lakini siku hiyo kulikuwa na gamba la zamani mezani, na magamba ya zamani hayachezewi kifua wazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kome wa ziwani hujenga gamba lake kwa chokaa anayoipata majini, tabaka baada ya tabaka, mwaka hadi mwaka. Ndani ya chokaa hiyo mna oksijeni nyepesi na oksijeni nzito, na maji yakiwa baridi ile nzito huingia kwa wingi zaidi. Ukikwangua unga wa tabaka moja ukautia tindikali, hutoka gesi. Mashine huipima gesi hiyo, ikakuambia maji yalikuwa na joto gani kome alipokuwa akijenga pale. Maabara nyingine huishia kwenye namba. Katika maabara hii joto lenyewe la siku ile hutoka pamoja na gesi, likakaa chumbani mpaka mtu afungue dirisha. Sindano, fundi wa mashine, mtu mwembamba kuliko jina lake, alilalamika tu kwamba hajui avae nini asubuhi.

Gamba la siku hiyo lilikuwa la nyumbani. Mama yake mpimaji alikuwa ameokota kome tangu usichana wake, yeye na wanawake wenzake, na kwa kazi hiyo alimsomesha huyu binti. Kisha kikaja kiwanda, kikaanza kumwaga ziwani maji yaliyopozea mitambo, yakiwa yanafuka, na kome wakafa. Kiwanda kikasema ziwa lina joto tangu enzi na enzi, na kwamba waliowamaliza kome ni wanawake kwa uroho wao. Basi wanawake wakapigwa marufuku kukanyaga ufukweni. Mama hakulia. Alimwuliza binti yake, "Wewe si unapima? Basi pima."

Mara ya kwanza walijikwaa. Mama alikusanya magamba ya zamani kila alikoyapata, na kwa kuwa hakutaka mwanawe apeleke uchafu kazini, aliyachoma kwenye mkaa mpaka yakawa meupe pe. Sasa gamba lililopita motoni husahau ziwa, likakumbuka jiko. Mpimaji, kwa pupa ya kutaka kumsafisha mama yake, hakuuliza yamesafishwaje. Tume ya uchunguzi wa marufuku hiyo ilipoketi pale maabara na yeye akatia tindikali, chumba kikawaka joto la mkaa, vifuniko vya kalamu vikalegea, na mhandisi wa kiwanda akajifuta jasho huku akitabasamu. Alisema ushahidi umejieleza wenyewe. Mpimaji alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini alikuwa king'ang'anizi, na hilo hakulirithi mbali. Aliiandama tume ofisi kwa ofisi mpaka ikachoka kumwona, ikakubali kurudi. Safari hii alikuwa na gamba moja tu, lile ambalo mama alichotea chumvi jikoni miaka yote, na halikupata kuonja moto. Liliokotwa mwaka ambao mama alikuwa na mimba kubwa ya mpimaji mwenyewe. Ukingo wake ulitosha kipimo kimoja. Sindano alimshauri asubiri apate mengine. Yeye akasema mengine yamo kwenye kifusi chini ya kiwanda.

Tume ikaketi, mwenyekiti katikati, mhandisi kulia, mama kwenye kiti cha mlangoni. Mpimaji akakwangua ukingo taratibu, akatia tindikali.

Baridi ya ziwani huanzia miguuni. Wajumbe wakavuta viatu chini ya viti, kisha ikawapanda magotini na kutulia hapo, baridi ya maji ya alfajiri kabla jua halijayagusa. Mwenyekiti akaomba chai. Sindano akagawa masweta. Mama alivua ndala, akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Nilikuwa naingia hivi hivi, na wewe tumboni. Ulikuwa unapiga mateke mpaka nakukemea."

Mpimaji aliinamia mashine ili wasimwone machozi. Namba zilipotoka zilisema vilevile, naye akafurahi kuliko siku aliyopata kazi.

Mwenyekiti aliitazama karatasi, akampa mhandisi, akakohoa. Alisema tume imeridhika pasipo shaka kwamba ziwa lilikuwa baridi. Hata hivyo, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na hakuna sheria inayosema ziwa lina haki ya kuwa baridi. Marufuku itaondolewa siku kome watakaporudi wenyewe.

"Na maji ya moto je?" mpimaji aliuliza.

"Hayo hayakuletwa mbele yetu," alisema mwenyekiti, akarudisha sweta.

Mhandisi ndiye aliyebaki nyuma. Alizunguka chumba akipapasa ukuta, akauliza kama baridi hii hudumu. Sindano, asiyejua kudanganya, alimjibu kwamba hudumu madirisha yakifungwa. Wiki iliyofuata mafundi wa kiwanda walikuja na barua ya mkuu wa maabara, wakatoboa ukuta, wakaunganisha bomba. Baridi ya mwaka ule ikaenda kupoza mitambo. Mitambo ikapoa vizuri mno, ikafanyishwa kazi usiku na mchana, na maji ya moto yakaongezeka ziwani.

Mpimaji alipoona hivyo hakutupa keekee. Alichukua chupa na kitambulisho chake cha kazi, akaenda ziwani kuteka maji ya leo, maana ukitaka kubishana na mtu kuhusu jana lazima uwe na leo mkononi. Mama alifuatana naye mpaka kwenye kamba ya marufuku iliyozungushiwa ufukwe. Mlinzi alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamzuia asipite.

Binti aliingia peke yake, akateka, akarudi. Mama akanyoosha mkono juu ya kamba, naye akammiminia kidogo kiganjani.

"Haya ni ya kumwogeshea mtoto," alisema mama. Alikung'uta mkono, akaitazama chupa. "Tena hiki kichupa kidogo. Kesho njoo na dumu."