Moto wa Kwanza Kwenye Karakana ya Opondo

Karakana ya Opondo, pale Tarime kando ya barabara ya kwenda Sirari, haikuwahi kuwa na kibao. Haikukihitaji. Ukiwa na Peugeot na unataka ikimbie kuliko walivyokusudia Wafaransa walioiunda, ulielekezwa tu: nenda kwa yule Mjaluo mwenye tanuri.

Opondo alijifunza kazi ya kuyeyusha na kumimina chuma kule Kisumu, akarudi nyumbani na mashine moja ya kukereza na kichwa kigumu. Miaka ile pikapu za Peugeot ndizo zilizobeba watu na mbuzi kutoka Ringwani na Kenyamonta kwenda mnadani, na dereva aliyefika wa pili alikuta abiria wa kurudi wameshachukuliwa. Mbio zilikuwa riziki. Opondo akawatengenezea madereva manifoldi yake mwenyewe, ile shingo ya aluminiamu inayogawa hewa na petroli kuingia kwenye injini, akaipa nafasi ya kabureta mbili badala ya moja. Akakunja na egzosi zenye koo pana. Gari likitoka mikononi mwake lilinguruma mpaka wanakijiji wa Nyambureti walijua nani anapita bila kutoka ndani. Watu wa magendo nao walimpenda, kwa sababu ambazo hakuwahi kuwauliza, na vijana wa mbio za magari kutoka Kenya walivuka mpaka kumfuata.

Kisha zikaja gari za Kijapani ambazo injini zake hazifunguliwi ila kwa kompyuta. Peugeot zikaozea chini ya miembe, kuku wakataga kwenye viti vya nyuma, na Opondo akazeeka akitengeneza bawaba za mageti. Alipokufa, watu waliokuja msibani walisifia mageti.

Binti yake Adoyo alisikia sifa hizo zote. Yeye ndiye aliyefanya kazi na mzee tangu aliporudi kutoka kwa mume, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono myeusi kwa vumbi la mkaa, ambaye kina mama wa kwaya walimwonea huruma bila kuulizwa. Na yeye ndiye aliyepokea simu ya Clement.

Clement alikuwa mtu wa Kisumu, mstaafu, mmoja wa wazee wenye nafasi wanaofufua magari ya zamani na kuyaendesha Jumapili polepole ili waonekane. Walikuwa chama kizima, na wote walitaka manifoldi za Opondo, zilezile, si za kuigiza. Mkitengeneza hizi za kwanza zikatoka vizuri, alisema, tutawapa kazi ya vipuri vyote, miaka yenu yote. Adoyo aliweka simu chini akakaa juu ya tofali. Hakuwa amefurahi hivyo tangu ujana wake.

Lakini tanuri lilikuwa limezimwa siku ya msiba, na mama yake, mama Awino, hakutaka liwashwe.

"Hata kupanda mahindi mkubwa anatangulia," alisema. "Sembuse moto wa baba yenu. Atawasha Orwa. Wewe utafuata."

"Mama, Orwa yuko Mwanza anauza bima. Hajawahi kushika hata koleo la hapa."

"Ndiye mzaliwa wa kwanza. Unataka chira iingie hapa, nyathina, mwanangu? Watoto wa ndugu zako wakonde wafe, tuanze kuulizana nani aliruka mila?"

Mama Awino alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili aliimba kwa sauti kuliko mchungaji, Jumatatu akaogopa chira kama kawaida, na hakuona ugomvi wowote kati ya siku hizo mbili. Adoyo mwenyewe hakuwa na hakika kama anaiamini chira. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba mtoto yeyote wa ukoo akiugua hata mafua, macho yote yatamgeukia yeye, binti aliyerudi nyumbani, aliyemtangulia kaka yake. Akangoja.

Akangoja mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa. Orwa alikuwa anakuja mwezi ujao, kila mwezi. Kulikuwa na semina, kulikuwa na ukaguzi, kulikuwa na homa. Clement alipiga simu mara ya kwanza kwa heshima, baadaye kwa wasiwasi, mwishowe akasema wazi kwamba kuna fundi huko Nakuru na wenzake wamechoka. Mwisho wa mwezi huu, alisema. Baada ya hapo usinilaumu. Adoyo akampigia kaka yake akalia kwenye simu, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini, na Orwa akaja.

Alikuja Ijumaa jioni, na mvua, amevaa shati la ofisini na viatu vya kung'aa. Adoyo alimwamkia shikamoo, akampa maji ya kunawa, akataka kumpeleka karakanani amwonyeshe kila kitu kilipo. Mama Awino akamzuia mlangoni. Ilikuwa hivi, akaeleza, kama ilivyokuwa kwa babu yao wakati wa kupanda: anayetangulia huamka alfajiri, hasemeshwi na mtu, anaenda peke yake, na wengine hawakanyagi pale mpaka waone moshi.

"Basi nimwambie sasa hivi, kabla hajalala," alisema Adoyo.

"Utamfundisha kuwasha moto?" mama yake aliuliza. "Mwanaume mzima?"

Orwa akacheka, kicheko cha mtu aliyeguswa pabaya. "Nyaminwa, dada yangu, moto ni moto. Umeniwekea mkaa?"

"Nimekuwekea mkaa na kuni, nje, pembeni ya tanuri."

Ikaishia hapo. Sasa ngoja tuseme ukweli kuhusu kazi yenyewe, maana Orwa hakuujua na hakuna aliyemwacha aujue. Kila manifoldi ilitoka kwenye mfano wa mbao. Unaushindilia mfano kwenye mchanga wenye unyevu, unautoa taratibu, na pale palipobaki tundu unamimina aluminiamu. Opondo aliichonga mifano hiyo kwa mninga mkavu, mikubwa kidogo kuliko kitu chenyewe, kwa sababu aluminiamu ikipoa hunywea. Ndiyo maana huwezi kuchukua manifoldi kuukuu ukaiigiza. Inayotoka ni ndogo, na matundu yake hayakutani na ya injini. Mfano mmoja mzee aliusahihisha kwa miaka, akipunguza hapa unywele, akiongeza nta pale, akisikiliza gari barabarani na kurudi kuchonga tena. Adoyo alijua kushindilia na kumimina. Kuchonga hakujua. Mzee alichonga peke yake, mlango umefungwa, na ukimchungulia alikurushia kipande cha mti. Mifano yote ilikuwa kwenye rafu ndani ya karakana, haina maandishi wala alama yoyote, na asiyejua angedhani ni mabaki ya seremala.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri Adoyo alisikia viatu vya kaka yake vikipita kwenye tope, akakaa kitandani mikono kati ya magoti. Alifikiria mchanga, kama una unyevu wa kutosha. Alifikiria kumpigia Clement saa tatu hivi, na atakavyomwambia. Mama Awino alikuwa ameshaketi kwenye kizingiti na kitenge chake cha kanisani, macho kwenye paa la karakana.

Moshi ulichelewa, kisha ukapanda wima, mwembamba na safi. Mama Awino akapiga kigelegele, kimoja kirefu, na jirani mmoja akaitikia kutoka ng'ambo ya ua.

Adoyo alikuwa ameshafika nusu ya uwanja alipopata harufu. Mkaa haunuki hivyo, wala kuni za porini. Ilikuwa harufu tamu ya mninga na nta. Akaanza kukimbia.

Orwa alikuwa amesimama mbele ya tanuri, mikono ya shati imekunjwa, masizi kidogo kwenye paji la uso, ameridhika. "Kuni zako zililoa zote, na mkaa pia," alisema. "Nimehangaika. Bahati nzuri nikaona hivi vipande vikavu huko ndani. Umewaka vizuri."

Rafu ilikuwa tupu. Adoyo aliingiza koleo tanurini akavuta cha kwanza alichokishika. Kilitoka chekundu kama kaa, bado kina umbo la shingo yenye matawi manne, kikakatika katikati na kuanguka kwenye tope.

"Ni nini?" Orwa aliuliza. Adoyo akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, maneno machache, na alimwona kaka yake akielewa polepole mpaka akatafuta pa kukaa. Hakumchukia. Angependa amchukie, ingekuwa afadhali.

Mama Awino alifika akiwa bado anatabasamu. Walipomweleza, aliutazama moto. "Si utachonga mingine?" alisema.

Adoyo alimpigia Clement hapohapo, tanuri likivuma nyuma yake, akamwambia aende Nakuru. Clement aliuliza kama ni suala la muda, kwamba angeweza kuwaomba wenzake subira. Adoyo akasema si muda. Akamshukuru, akakata.

"Lakini moto wa kwanza hauachwi ufe bure," mama Awino alisema kwa unyonge. "Ni lazima kitu kitoke. Chochote."

Basi Adoyo aliingia jikoni, akachukua sufuria ya mama yake, akaishindilia kwenye mchanga aliouandaa kwa ajili ya manifoldi. Akayeyusha aluminiamu ileile aliyoichagua mwaka mzima, vipande safi visivyo na chembe ya takataka, akamimina. Kazi ya namna hiyo inafanywa na kila mtu pale Sirari, barabarani, kwa makopo ya soda.

Sufuria mpya ilitoka nzuri. Orwa aliomba kwa aibu kama anaweza kwenda nayo Mwanza, iwe kumbukumbu ya mzee. Adoyo akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaifunga kwenye gazeti, akambebea mpaka barabarani.