Damu ya Tajiri

Walimwita Tajiri kwa sababu siku ya kwanza ya somo la ujasiriamali wa afya ya kidijitali, mwalimu alipouliza kila mmoja anatafuta nini pale, yeye alijibu, "Utajiri, mwalimu. Afya nimekosa, angalau nipate kimojawapo." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Kabla ya kufundisha chuoni alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na ule umanjano wa macho aliujua. Kijana alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Wanafunzi walifanya kazi wawili wawili. Tajiri alipangwa na msichana waliyemwita Fundi, mkimya, hodari wa kutengeneza programu za simu. Wazo lilikuwa la Tajiri. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu yake anabofya kitufe, na simu za watu wa kundi lake la damu walio karibu zinalia.

"Mteja wako ni nani?" mwalimu alimbana, kama alivyowabana wote.

"Anayelipa ni hospitali. Anayeteseka ni mimi. Utafiti nimeufanya tangu nizaliwe, mwalimu."

Wakazunguka mabwenini kuandikisha wachangiaji. Tajiri alikuwa na maneno matamu. Hata walinzi wa getini walijiandikisha. Wawekezaji nao wakakubali kuja kuwasikiliza mwisho wa muhula.

Siku chache kabla ya hapo, baridi ikampata. Asubuhi alilalamikia mifupa, mchana kifua kikambana, na jioni alikuwa wodini akivuta hewa ya mtungi. Daktari akasema anahitaji damu haraka, na ya kundi lake hospitalini ilikuwa imekwisha. Fundi akatoa simu, akabofya.

Mwalimu alipofika alikuta korido imejaa watu. Wanafunzi wa sheria, wapishi wa mgahawa wa chuo, mlinzi mmoja bado amevaa sare. Wengine hawakuwa wakimjua Tajiri hata kwa sura. Foleni ilitoka mlangoni ikaenda hadi kwenye maegesho ya magari. Damu ikapatikana, akatundikiwa.

Lakini mapafu yalikuwa yameshashindwa. Kulipopambazuka, Tajiri akakata roho.

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta. "Ilifanya kazi, mwalimu," alisema. "Kila kitu kilifanya kazi kama tulivyopanga. Sasa mbona?"

Mwalimu aliketi kando yake akamshika mkono.

Wawekezaji walikuja, wakasikiliza wengine, wakaondoka. Fundi hakutokea. Baadaye alimkabidhi mwalimu programu yote, akamwomba asimwambie tena habari za programu hiyo, akahamia somo jingine.

Baada ya maziko mwalimu alikwenda kumpa pole mama yake Tajiri. Alimkuta sebuleni, amekaa mkekani, khanga imefunika nusu ya uso.

"Aliniambia anasomea biashara," mama alisema. "Nikadhani atafungua duka. Hebu nieleze, mwalimu, mwanangu alikuwa akitengeneza nini?"

Mwalimu akamweleza polepole, bila maneno ya darasani. Mama alisikiliza, kisha akamkatiza.

"Hao watu waliitwa na nani?"

"Simu zao zililia tu, mama."

"Walikuwa wanamjua?"

"Wengi hawakumjua."

"Na wakaja?"

"Walikuja. Wengine ilibidi tuwarudishe, walikuwa wengi mno."

Mama akajifunika uso wote. Mabega yakamtikisika. Kisha akajipangusa, akageukia jikoni na kumwita mdogo wake.

"Acha vyombo, njoo ukae hapa. Mwalimu, anza upya. Na mama yake mdogo asikie."

Yule mdogo wake akaingia, mikono bado ina maji, akaketi.

"Mtoto wenu alikuwa na wazo," alianza, na sauti ikamkatika. Wale wanawake wawili wakamngojea mpaka alipoweza kuendelea.