Kibati Namba 212

Miaka thelathini na sita hakuna aliyeniuliza neno. Kiwanda cha nguo kilifungwa, mitambo ya kufumia ikang'olewa ikauzwa vyuma chakavu, bohari la pamba likageuka duka la magodoro, na sisi tuliogoma mle tukabaki wazee wa kupishwa njiani. Ndipo siku moja binti mwenye miwani akabisha hodi kwangu, fomu mkononi.

"Shikamoo, babu. Natoka hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Tunakusanya kumbukumbu za mgomo. Serikali inazihitaji."

"Marahaba. Serikali ilishazihitaji zamani. Ilikuja kuzichukua na mbwa."

Alicheka, lakini hakuondoka. Basi nikaenda. Sikwenda kwa ajili ya serikali, ieleweke. Nilikwenda kwa sababu kumbukumbu zangu ni ndefu na siku zangu ni fupi, na kuna jina moja la msaliti ambalo sikutaka lizikwe pamoja nami.

Hifadhi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ofisi za mkoa. Rafu za chuma hadi darini, maboksi ya kijivu yaliyofungwa uzi mweupe, harufu ya vumbi na dawa ya mchwa. Binti aliweka mezani kijimashine cha kunasa sauti, akazima feni.

"Mashine hii inapenda umbea wa feni kuliko maneno ya watu," akasema. Kisha akanieleza utaratibu wake. Hatanikatiza. Nikimaliza, tutasikiliza pamoja, halafu nitaweka sahihi. Na akishanasa sauti, hafuti. "Kuongeza naongeza, babu. Kupunguza sipunguzi. Mwisho wa mwezi tunafungua chumba cha kusikilizia, wanafunzi wa mkoa mzima watakuja."

"Vizuri," nikamwambia. "Waje wamjue."

Nikaanza. Nilisema jinsi tulivyofuma saa kumi na mbili kwa siku tukikohoa nyuzi. Jinsi mimi, ambaye shule niliipita kwa nje, nilivyojifundisha kusoma kwenye magazeti waliyofungia vifaa vya mitambo. Jinsi tulivyoongea kwa midomo bila sauti, maana mitambo mia tatu ikigonga pamoja husikii hata jina lako. Mfumaji alisoma mdomo wa mwenzake aliye ukuta wa pili. Tulitongoza kwa midomo, tulitukana kwa midomo, na mgomo tuliupanga kwa midomo, msimamizi kasimama katikati yetu kama nguzo.

Nikafika kwenye vibati. Kila mtu alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Ukiingia unakitoa kwenye ubao wa nje, unakitundika ubao wa ndani. Ukitoka unakirudisha nje. Mtu hudanganya, kibati hakidanganyi. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yetu pale.

Asubuhi ya mgomo tulitoka wote. Vibati vikarudi ubao wa nje vikilia kwa pamoja. Karani, katibu wa kamati yetu, mtu aliyepanga kila kitu, alikamatwa na askari hatua tano kabla ya kulifikia geti. Mimi nilikuwa tayari juu ya pipa na kipaza sauti, na ndiyo maana mpaka leo naitwa Kipaza. Nikachungulia kati ya nondo. Ubao wa ndani ulikuwa mtupu, isipokuwa kibati kimoja. Mia mbili kumi na mbili.

Kilikuwa cha fundi wa boila, tangi la mvuke lililoendesha mitambo yote. Mume wa mdogo wangu wa kike. Shemeji yangu, niliyemwombea kazi kwa mdomo wangu mwenyewe na kumfundisha kufuma kabla hajahamia boila. Na papo hapo mvuke ukaanza kulia kutoka chumba cha boila, mlio wa kutoboa kichwa. Nikanguruma kwenye kipaza: "Sikieni! Msaliti anawasha mitambo! Namba 212!" Watu elfu moja wakaiimba namba ile.

Alitoka siku ya tatu, amevimba uso kwa joto. Akaniambia mbele ya umati, "Nilitumwa na Karani." Nami nikamjibu, "Mwongo hodari huchagua shahidi aliye jela!"

Jibu hilo nimelirudia miaka yote, na kila mahali watu hucheka. Nikamwangalia binti. Hakucheka.

"Na Karani alisemaje baadaye?"

"Karani alifia rumande, homa. Hatukumwona tena."

"Na shemeji yako?"

"Kinyozi alikataa kumnyoa. Watoto wake waliitwa Mia Mbili mpaka wakahama shule. Mdogo wangu hajanisemesha tangu siku ile. Shauri yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi yangu niliivua."

Tulisikiliza sauti yangu mwanzo hadi mwisho. Nilijipenda, sitaficha. Nikanyoosha mkono nipewe kalamu. Binti akaishikilia.

"Babu, kanuni hainiruhusu kumtia mtu maneno mdomoni. Ndiyo maana nimekuacha umalize. Lakini kuna kitu lazima ukione kabla hujaweka sahihi."

Akashusha boksi, akafungua uzi. Mwaka jana, akasema, stoo ya polisi ya zamani ilipobomolewa walimletea magunia ya karatasi. Ndani ya boksi lile mlikuwa na vitu alivyokamatwa navyo Karani: kitana, miwani iliyopasuka kioo kimoja, daftari dogo la kijani. Akanifungulia ukurasa wa mwisho wenye wino.

Mwandiko wa Karani naujua kama ninavyoujua mwendo wa mama yangu. Herufi zimelala upande kama watu wanaosukuma gari.

*212 abaki boila. Azime moto, aachie mvuke kidogo kidogo hadi presha iishe, la sivyo litapasukia nyumba za wafanyakazi. Asitoke kabla. Wakubwa wasijue yumo, watamlazimisha kuwasha. Kipaza nitamwambia getini.*

Nilisoma mara tatu. Kipaza nitamwambia getini. Hatua tano.

Mvuke ule haukuwa wa kuwasha. Ulikuwa wa kuzima. Na nyuma ya ukuta wa boila ndiko tulikokuwa tumewaacha wake zetu na watoto, mimi wangu watatu.

"Futa," nikasema.

"Babu..."

"Futa, nimekwambia! Nitasema upya."

"Utasema upya. Lakini ya kwanza sifuti."

Nilimtukana. Nilimwita kibaraka wa serikali, nikaita hifadhi yake kaburi la karatasi. Alinisubiri kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akasema taratibu, "Ningekuwa mtu wa kufuta, babu, na daftari hili lisingekuwepo. Nilikwenda kwa shemeji yako kabla ya kuja kwako. Mkewe alinifungia mlango. Alisema walishasemwa vya kutosha. Na mzee moyo wake umechoka, daktari amewaambia wasimpandishe hata ngazi."

Akanipa nakala ya ukurasa ule ndani ya bahasha. Nikatoka bila kuaga.

Nyumba ya mdogo wangu iko barabara ya nne kutoka kwangu. Miaka thelathini na sita nilikuwa nazunguka barabara ya sita ili nisiipite. Siku ile nilikata moja kwa moja. Alikuwa barazani anakunja nguo zilizokauka. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakusimama.

"Leo umekuja bila kipaza, kaka? Kimeharibika?"

"Mdogo wangu..."

"Mdogo wako yupi? Yule mke wa Mia Mbili?"

Nikampa bahasha, nikamwambia ilikotoka na niliyoyasema huko. Alifuta mikono, akasoma, akaikunja sawasawa kama alivyokuwa akikunja mashuka, akaiweka juu ya rundo.

"Mimi nilijua," akasema. "Aliniambia siku ileile, nami nikamwamini, kwisha. Sikuhitaji karatasi. Wewe ndiye uliyehitaji karatasi kumwamini mtu mliyekula naye sahani moja."

Nikakwepesha macho. Mimi! Kupitia dirishani nilimwona shemeji, amekaa mezani, amefungua saa ya ukutani, vijigurudumu vyake amevipanga juu ya gazeti. Mdogo wangu alimwita kwa kupiga sakafu mguu mara mbili. Mshindo ukafika, akageuka.

"Hasikii," nikasema.

"Hasikii tangu lini, unajua? Alikaa siku mbili na vali wazi ndani ya chumba cha mabati. Masikio aliyaacha mle. Nyinyi mkasema anajifanya kiziwi asisikie matusi."

Nilisema hivyo kweli. Niliwahi kusema hivyo harusini kwa watu, na wakacheka.

Shemeji alitoka barazani, akasoma karatasi akiiweka karibu na macho. Aliponiangalia nilifungua mdomo, mdogo wangu akanizuia kwa kiganja.

"Hapana. Si barazani kwangu, ukanyamaza ukifika kwako. Twende huko ulikomsemea."

Tulikwenda kesho yake saa nne asubuhi, taratibu, tukipumzika kila penye kivuli cha ukuta. Binti alituona watatu mlangoni, akazima feni bila kuulizwa. Akaweka viti viwili vikitazamana, mdogo wangu akasimama nyuma ya mumewe. Taa nyekundu ya mashine ikawaka.

Nikamtazama shemeji. Midomo yangu ikaanza yenyewe, kama zamani kwenye mitambo, midomo mipana isiyo na sauti: *Nilikukosea. Nilikutangaza bila kukuuliza. Uliokoa wanangu, nikakupa namba iwe jina. Nisamehe.*

Alisoma kila neno. Kisha midomo yake nayo ikachezacheza, na kona moja ikapanda: *Umechelewa zamu.*

Nikacheka na kulia kwa pamoja, uso wa mzee ukawa kama wa mtoto. Nilidhani yamekwisha. Binti akakohoa kidogo.

"Samahani, babu. Mashine haijapata kitu. Ni kimya kitupu."

"Amenielewa, inatosha," nikasema. "Mambo ya shemeji na shemeji haya."

"Aa, haitoshi!" Mdogo wangu alisogea akasimama kati yetu. "Kumchafua ulimchafua kwa kipaza sauti, kumsafisha unamsafisha kwa kunong'ona? Hata kunong'ona hukunong'ona! Watu elfu moja walikusikia, kaka. Wanangu walikusikia. Mwisho wa mwezi wajukuu zangu watakuja kukaa hapa wavae hivyo visikilizio, na watakusikia ukimwita babu yao msaliti. Baada ya hapo watasikia nini? Kimya?"

Kila mtu alinijua kuwa siogopi kusema. Nimesema mbele ya askari, mbele ya mbwa wao, mbele ya hakimu. Pale, mbele ya kijimashine kikubwa kama sabuni ya kufulia, nilikuwa nautafuta mlango kwa macho. Kumbe maisha yangu yote nilikuwa sijasema jambo lolote baya linalonihusu mimi.

Shemeji akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya meza karibu na mashine, kama fundi anayepima mtetemo wa mtambo. Alitaka kujua kama natoa sauti kweli.

Basi nikatoa. "Mimi ndiye Kipaza," nikasema. "Mmenisikia nikisema kwamba namba 212 alikuwa msaliti. Si kweli. Niliona kibati, sikumwona mtu. Nilisikia mvuke, sikuuliza mvuke wa nini. Kamati ilimwacha ndani alizime boila lisiue watoto wetu, na alilizima peke yake siku mbili, likamla masikio. Aliponieleza, nilifanya mzaha watu wakacheka. Ule mzaha ndio usaliti pekee uliotokea getini siku ile."

"Siku mbili na nusu," shemeji akasema. Aliisema kwa sauti, kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia, mpaka binti akaruka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia tangu geti lile. "Na maji ndani ya boila yalikuwa yamebaki vidole vinne; yangeisha, lingepasuka. Andika hilo. Vidole vinne!"

"Inajiandika, babu," binti akasema, macho yamelowa, na mdogo wangu akamtafsiria kwa midomo.

Akaendelea saa nzima. Vali ya kwanza iliyogoma, fulana aliyoilowesha akaifunga usoni, jinsi alivyosikia umati ukiimba namba yake nje, kwa furaha, akadhani tunamtia moyo. Hilo nilikuwa silijui. Hilo nitakufa nalo.

Mwishoni binti alileta fomu. Mimi nikaweka sahihi kwa kanda zote mbili, ya kwanza na ya pili. Shemeji akaandika jina lake kamili, herufi moja moja, na pembeni yake: fundi boila. Binti akaomba mmoja wetu alisome jina kwa sauti, mashine ilipate vizuri. Mdogo wangu akanitazama mimi.

Nikalisoma. Lilikuwa zito mdomoni kama kitu nilichosahau kukitafuna.

Shemeji hakuuondolea macho mdomo wangu. "Rudia," akasema.

Nikarudia.